Kumbikumbi na Senene: Jua Hukausha, Moto Ndio Huua Viini

Mvua ya masika inapokolea, wakazi wengi wa Vihiga na kaunti jirani hujua kinachofuata. Jioni taa huwashwa nje, beseni la maji huwekwa chini yake na watoto hukataa kulala. Kwingine watu huketi kando ya kichuguu wakiugonga udongo kwa vijiti, mithili ya matone ya mvua, ili kumbikumbi wadanganyike na kutoka. Kufikia asubuhi ndoo imejaa. Waluhya huwaita tsiswa, Wajaluo huwaita ng'wen, na siku chache baadaye hupatikana katika masoko kama Luanda na Mbale wakipimwa kwa kikombe au kwa gorogoro.

Chakula hiki kina thamani. Kumbikumbi, senene na nyenje wana protini na mafuta kwa wingi, pamoja na madini ya chuma na zinki ambayo watoto na akina mama wajawazito huyahitaji sana. Mwaka wa 2013, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa ripoti iliyoeleza jinsi wadudu wanavyoweza kuchangia chakula cha kutosha duniani. Kwa familia nyingi za Magharibi na Nyanza, ripoti hiyo ilithibitisha jambo ambalo mababu walilijua.

Hata hivyo, kama ilivyo kwa maziwa, nyama na samaki, wadudu wanaweza kumletea mlaji ugonjwa iwapo hawakutayarishwa vizuri. Hatari hiyo huongezeka pale wadudu wanapokaa muda mrefu kabla ya kuliwa. Zamani kumbikumbi waliliwa nyumbani siku ile ile au baada ya siku chache. Leo hununuliwa na mchuuzi, husafirishwa kwa matatu au basi hadi Kisumu, Nakuru au Nairobi, na huenda wakaliwa baada ya wiki kadhaa. Ndiyo maana ni muhimu kila anayewakusanya, anayewauza na anayewapika aelewe viini vinatoka wapi na vinauawa vipi.

Viini hutoka wapi?

Kuku anapochinjwa, utumbo hutolewa. Tilapia naye hupasuliwa na kusafishwa. Lakini kumbikumbi au senene hutolewa mbawa, na wakati mwingine miguu, kisha huliwa mzima pamoja na utumbo wake. Ndani ya utumbo huo mna bakteria wengi mno wanaomsaidia mdudu kusaga nyasi au kuni alizokula. Wengi wao hawamdhuru binadamu, ila baadhi ni wa jamii moja na wale wanaosababisha kuhara.

Chanzo cha pili ni udongo. Kumbikumbi huishi ardhini na hutokea kwenye kichuguu, hivyo hubeba viini vya udongo kwenye miili yao. Chanzo cha tatu ni mikono ya watu. Kuwatoa mbawa mmoja mmoja kwa mikono ambayo haikunawiwa, kuwaweka kwenye beseni lililotumiwa kwa nguo chafu, au kuwaanika kando ya barabara ambako nzi na vumbi haviishi, ni kuongeza viini juu ya vile walivyotoka navyo shimoni.

Kuosha kwa maji safi kunafaa, kwa sababu huondoa mchanga, mbawa na uchafu wa nje. Lakini maji baridi hayafiki kwenye utumbo wa mdudu. Kwa hivyo kumbikumbi waliooshwa vizuri bado ni wabichi, na viini vya tumboni bado vi hai.

Aina tatu za hatari

Wataalamu wa usalama wa chakula hugawanya hatari hizi katika makundi matatu, na kila kundi lina dawa yake.

Kundi la kwanza ni bakteria wanaokufa kwa urahisi wakipata joto, kama vile salmonela na aina za E. koli zinazosababisha kuhara. Hawa wakichemshwa vizuri, kazi imekwisha.

Kundi la pili ni bakteria wa udongo wanaoweza kujifunika ganda gumu, mfano wa mbegu iliyokauka. Katika hali hiyo huvumilia hata maji yanayochemka. Chakula kikishapoa na kubaki na unyevu, ganda hupasuka, bakteria huamka na kuanza kuzaana, na baadhi yao hutoa sumu. Dawa ya hawa ni kutowapa nafasi ya kuamka. Chakula kiliwe kingali moto, kiwekwe kwenye baridi, au kikaushwe kabisa.

Kundi la tatu ni sumu ambayo tayari imo ndani ya chakula. Baadhi ya bakteria wanaotoka kwenye pua, vidonda na mikono ya mpishi hutoa sumu isiyoharibiwa na upishi wa kawaida. Ukungu unaoota kwenye chakula kisichokauka vizuri unaweza kutoa aflatoksini, ambayo pia haiondolewi kwa kupika. Wakenya wanaijua sumu hii kutokana na mahindi. Mwaka wa 2004, watu 125 walifariki katika maeneo ya Ukambani baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu. Mdudu aliyeota ukungu hatofautiani na hindi hilo. Haoshwi akawa salama, hakaangwi akawa salama. Hutupwa.

Jua peke yake halitoshi

Katika boma nyingi, kumbikumbi huoshwa na kuanikwa juani wakiwa wabichi, kisha wakikauka huhifadhiwa au kuuzwa. Wengine huwatafuna hivyo hivyo bila kuwapitisha motoni. Hapa ndipo palipo na kosa kubwa zaidi, na kulirekebisha ni rahisi.

Utafiti wa wanasayansi nchini Kenya, uliochapishwa mwaka wa 2020, ulilinganisha njia za kienyeji za kutayarisha wadudu wanaoliwa Afrika Mashariki, wakiwemo senene na nyenje. Uligundua kwamba kuchemsha na kukaanga bila mafuta kulipunguza viini kwa kiwango kikubwa na kuondoa salmonela. Kuanika juani peke yake, kwa upande mwingine, kulibadilisha kidogo tu idadi ya viini.

Sababu yake ni kwamba jua huondoa maji, na bila maji bakteria hawazaani. Lakini kutozaana si kufa. Wengi wao hulala tu, wakingoja unyevu urudi, iwe ni mvua iliyopenya dukani, mvuke ndani ya ndoo au maji ya uji vuguvugu. Unga wa wadudu walioanikwa wabichi ukikorogwa kwenye uji wa mtoto ambao tayari umeepuliwa, viini hivyo huamka tumboni mwa mtoto.

Utafiti mwingine, uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka wa 2012, uligundua kwamba dakika chache za kuchemsha ziliwamaliza bakteria wa utumbo wasio na ganda. Kukaanga peke yake hakukuwamaliza wote, pengine kwa sababu mdudu anaweza kuungua nje huku ndani hajaiva. Watafiti hao walipendekeza wadudu wachemshwe kwanza kwa dakika chache, ndipo wakaangwe. Waligundua pia kwamba nyenje waliochemshwa waliharibika haraka wakiachwa katika joto la kawaida, ilhali waliowekwa kwenye friji walikaa zaidi ya wiki mbili bila kuharibika.

Funzo ni moja. Moto uje kwanza, jua lifuate, na ukavu udumishwe hadi siku ya kula.

Hatari ya ndoo iliyofunikwa

Mwaka wa 1980, jarida la matibabu la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha taarifa kutoka Kenya kuhusu watu waliougua botulizimu baada ya kula kumbikumbi. Ugonjwa huo ulisababisha vifo. Botulizimu huletwa na sumu ya bakteria wa udongo wa lile kundi la pili, wenye ganda. Bakteria huyo ana tabia moja inayomtofautisha na wengi: hukua mahali pasipo na hewa.

Kumbikumbi wabichi, wenye unyevu, waliobanwa ndani ya mfuko wa plastiki au ndoo yenye mfuniko na kuachwa kwenye joto kwa siku kadhaa, humwandalia bakteria huyo makao anayoyataka. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea, iliyoanza Agosti 2017, ilipunguza mifuko hiyo sokoni, lakini ndoo na mitungi ya kufunika ingalipo. Sumu ya botulizimu haibadilishi harufu wala ladha ya chakula kila mara. Kwa hivyo pua na ulimi si kipimo cha kutegemewa. Wadudu wabichi waliokaa siku kadhaa kwenye chombo kilichofunikwa wasionjwe, wasipikwe, wala wasipewe kuku. Wazikwe.

Jinsi ya kuwatayarisha nyumbani

1. Kusanya wakiwa hai. Waliokufa wenyewe huanza kuoza mapema, kwa hivyo waondoe. Usikusanye wadudu mahali palipopuliziwa dawa ya kuua wadudu, maana kuchemsha huua viini lakini hakuondoi kemikali. Epuka pia vichuguu vilivyo karibu na vyoo na majalala.

2. Wabebe kwenye chombo kinachopitisha hewa, kama kikapu, na uwatayarishe siku ile ile. Kama ni usiku sana, watandaze kwenye ungo mahali penye ubaridi badala ya kuwarundika kwenye ndoo hadi asubuhi.

3. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuwatoa mbawa. Mwenye kidonda mkononi au anayehara asiifanye kazi hii.

4. Waoshe kwa maji safi mara mbili au tatu hadi maji yawe meupe.

5. Wachemshe. Watie kwenye maji yanayotokota, subiri yatokote tena, kisha hesabu dakika tano au zaidi. Usijaze sufuria hadi wale wa katikati wasipate joto. Vihiga iko juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye takriban nyuzi 95, si 100. Joto hilo linatosha kuua bakteria wasio na ganda, mradi maji yatokote kweli.

6. Wachuje na uwatie kwenye chombo kisafi. Kisirudi kwenye beseni lililokuwa na wabichi. Kosa hili dogo hurudisha viini vyote vilivyokwisha kuuawa.

7. Kama wataliwa siku hiyo, wakaange na wapakue wakiwa moto. Wakishaiva wasikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Mabaki yawekwe kwenye friji, na kama hakuna friji, yaliwe yakaishe.

8. Kama watahifadhiwa, waanike wakiwa wametandazwa tabaka moja jembamba juu ya kichanja kilichoinuliwa kutoka ardhini, wafunikwe kwa wavu dhidi ya nzi, na waingizwe ndani kabla ya umande. Siku ya mawingu, wamalizie kukauka kwenye kikaango juu ya moto mdogo.

9. Jaribu ukavu kwa vidole. Aliyekauka huvunjika kwa mlio. Anayepinda bado ana maji.

10. Waache wapoe kabisa kabla ya kuwafungia. Wakifungiwa na joto, mvuke hugeuka matone ndani ya chombo, na unyevu huo huanzisha ukungu. Chombo kiwe kikavu, chenye mfuniko unaobana, na kiwekwe mahali pasipo na jua. Kufunika wadudu walioiva na kukauka ni kuwalinda. Kufunika wabichi ni kuwaharibu.

Unga wa wadudu usagwe kutokana na waliochemshwa na kukaushwa. Ukitiwa kwenye uji, utiwe mapema uji ungali jikoni, uchemke pamoja nao. Kwa kuwa kumbikumbi wana mafuta mengi, unga wao huchacha upesi, hivyo ni bora kusaga kidogo kidogo.

Anayedhurika akila kamba au kaa wa baharini ajihadhari pia. Miili ya baadhi ya watu hukataa wadudu kwa namna hiyo hiyo, na hilo halihusiani na usafi wa chakula.

Kwa wauzaji sokoni

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti jukumu la kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula. Wanaouza kumbikumbi au senene wamo katika jukumu hilo sawa na wauzaji wa samaki na nyama. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, zinakataza kuuza chakula kichafu au kilichoharibika. Wanaoshika chakula cha kuuzwa wanatakiwa kuwa na cheti cha uchunguzi wa afya.

Zaidi ya sheria, kuna faida ya mfukoni. Mteja aliyeumwa tumbo harudi, na huwaambia wengine. Muuzaji mzuri huweka bidhaa juu ya meza, huifunika kwa wavu au kioo, hutumia kijiko au kikombe cha kupimia badala ya mkono ule ule unaopokea pesa, na hawachanganyi wa jana na wa leo. Anaponunua kutoka kwa wakusanyaji, huuliza kama walichemshwa kabla ya kuanikwa. Kama hawakuchemshwa, huwauza kama wabichi na kumwambia mteja waziwazi kwamba lazima wapikwe.

Mnunuzi naye ana haki ya kuuliza swali hilo hilo. Akiona ukungu mweupe, wa kijani au mweusi, wadudu walioshikana madonge, au harufu ya mafuta yaliyochacha, aache. Asiyepata jibu la kuaminika awachemshe upya akifika nyumbani kabla ya kuwakaanga.

Kwa wanaofuga nyenje

Ufugaji wa nyenje umeanza kushika kasi katika eneo la Nyanza na Magharibi, na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo kimekuwa kikiufanyia utafiti na kuwafunza wakulima. Mfugaji ana nafasi ambayo mkusanyaji wa porini hana: anajua nyenje wake walikula nini. Aitumie nafasi hiyo. Mahindi au pumba zilizoota ukungu zisigeuzwe chakula cha nyenje, maji ya kunywa yabadilishwe mara kwa mara, na makreti yasafishwe kila baada ya mavuno ili kinyesi kisirundikane.

Wafugaji wengi huwanyima nyenje chakula kwa siku moja kabla ya kuvuna ili matumbo yao yawe matupu. Ni desturi nzuri inayopunguza uchafu, ila haichukui nafasi ya kuchemsha. Wanaotaka kusindika unga, biskuti au bidhaa nyingine za kuuza madukani wawasiliane mapema na Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), ambalo lina viwango vya bidhaa za wadudu wanaoliwa.

Dalili za kutopuuzwa

Kuhara, kutapika, maumivu ya tumbo na homa ndizo dalili za kawaida za chakula kilichochafuka. Mgonjwa anyweshwe maji ya chumvi na sukari ya ORS, na mtoto apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, hasa akiwa na macho yaliyobonyea, kinywa kikavu au akikataa kunyonya.

Dalili za botulizimu ni tofauti. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, kope hulegea, kinywa hukauka, kumeza na kuongea huwa vigumu, na udhaifu huteremka kutoka usoni hadi mikononi na miguuni. Kwa kawaida huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula, lakini zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Mara nyingi mgonjwa hana homa na akili yake ni timamu, hivyo jamaa wanaweza kudhani ni uchovu au kurogwa. Huyu ni wa kukimbizwa hospitalini mara moja, kwa sababu sumu hii inaweza kulegeza misuli ya kupumulia. Jamaa wabebe mabaki ya chakula, kama yapo, na wamweleze daktari alichokula na lini. Waliokula naye pia wachunguzwe hata kama hawajaugua.

Wakazi wenye maswali, au wanaoshuku chakula kinachouzwa sokoni, wanaweza kumwona afisa wa afya ya umma wa wadi yao au mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji. Vikundi vya akina mama na vijana vinavyokusanya na kuuza wadudu vinaweza kumwalika afisa huyo awaonyeshe utayarishaji salama kabla ya msimu kuanza, maana kumbikumbi wakisharuka, hakuna anayepata muda wa kusikiliza.